Nilivyosafiri Kwenda Ulaya Nikashukia Gulwe

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na aliyenivua ni mama yangu mzazi. (Nguo zenyewe nilikuwa nazo, tena nyingi kupita kiasi. Nitafika huko.) Niko hapa kwenye mkahawa wa intaneti wa Makole, Dodoma, nimelipia saa nzima, na nawaandikia wote kwa mkupuo kwa sababu kesho mtaanza kuulizana, "Yona si alisafiri?" na mimi sina nguvu ya kumjibu mtu mmoja mmoja.

Naanza na tangazo. Tangazo lile nalilaumu na nitaendelea kulilaumu. Lilibandikwa ubaoni pale chuoni, limepigwa mhuri, na lilisema hivi: nafasi moja kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, safari ya nje ya utafiti wa biashara na utamaduni, wiki mbili, pamoja na wanafunzi kutoka Denmark. Rudieni kusoma. Safari ya nje. Na Denmark imo humo humo kwenye sentensi. Wewe mwenye akili zako timamu ungeelewa nini?

Nikaomba, nikapata. Mwalimu wetu wa Masoko, ambaye ndiye mratibu, akaniita ofisini kunipa mkono. Nikamuuliza, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, na habari za vibali?"

"Usiwe na wasiwasi. Vibali vyote tumeshachukua wilayani."

Wilayani. Hapo mtu mwingine angeshtuka. Mimi nikasema moyoni, enzi hizi za soko huria kila kitu kimelegezwa, huenda na pasipoti nazo zimelegezwa. (Ndiyo, nilifikiri hivyo. Na ada nalipa.)

Jumamosi nikawaaga watu wa Chang'ombe, pale ninapopanga hapa mjini. Sina haja ya kuwasimulia, mlikuwepo, soda mlikunywa nyinyi. Kuna mmoja wenu alinishika bega akasema nisiwasahau. Nimewakumbuka leo saa nne asubuhi, kwa uchungu.

Jumapili nikaenda kwetu Gulwe kumuaga mama. Hapa lazima niwaeleze, maana msipomjua mama yangu hamtaelewa nimeharibu nini. Mama anauza karanga stesheni ya Gulwe. Treni ikisimama, anakimbilia madirishani na beseni kichwani. Karanga hizo ndizo zilizonisomesha tangu marehemu baba atutoke. Na muda wote huo, pembeni yake kakaa Mama Elia, anauza mayai ya kuchemsha, na kila siku ya Mungu anamwambia mama kwamba anajichosha bure, mtoto akisoma sana anapotea, bora anirudishe nikachunge. Mama hakuwahi kumjibu. Amekaa na maneno yale kifuani miaka yote.

Jumapili akajibu. Wakati wa matangazo kanisani alisimama, akakaza kanga yake, akasema, "Mwanangu Yona anakwenda Ulaya kusoma biashara ya huko na utamaduni wa huko. Jumatano anapanda ndege." Kisha akageuka, akamtazama Mama Elia kwa kituo, ndipo akakaa. Mchungaji akaniita mbele, akaniwekea mikono. Akaiombea ndege, akamwombea rubani, akayaombea na mabawa, la kushoto na la kulia. Wakina mama wakapiga vigelegele. Sijapata kumwona mama yangu amenyooka mgongo namna ile tangu nizaliwe.

Sasa mnaelewa. Mimi kuchekwa si neno, nimezoea kuchekwa na nyinyi. Lakini pale palikuwa na heshima ya mtu aliyeisubiri miaka, na nilikuwa nimeibeba mimi.

Basi, leo Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi niko getini chuoni. Nimevaa suti. Juu ya suti sweta aliyonifumia shangazi. Juu ya sweta koti zito la mitumba, lile lenye manyoya shingoni, maana niliambiwa Denmark baridi yake haina utani. Sanduku mkononi. Linakuja Landikruza la chuo, ndani wamekaa wanafunzi wanne wa Kidenmark, wamevaa kaptula na kandambili. Nikawasikitikia. Nikasema hawa watoto watakoma wakishuka kwao. Nikaona pia ni heshima kubwa, yaani wametoka kwao wote wanne wamekuja kunichukua.

Msichana mmoja anaitwa Karen akanitazama, akaniuliza kwa Kiingereza kama nina homa.

"Hapana," nikamwambia, "nimejiandaa."

Akanipa maji. Nikayapokea.

Gari likashika barabara ya Morogoro. Vizuri. Morogoro ndiyo Dar, Dar ndiko uwanja wa ndege, mambo yanakwenda. Nikaegemea kiti, nikaanza kufikiria chakula cha kwenye ndege. Tukafika Mbande. Pale Mbande gari likakata kulia.

Jamani, ile kona naijua. Nimeipita tangu nikiwa mgongoni. Ni kona ya kwenda Kongwa, ukitoka Kongwa unakwenda Mpwapwa, na ukitoka Mpwapwa unakwenda kwetu. Hakuna ndege huko. Kuna ng'ombe.

"Mwalimu," nikasema, "samahani, huku siyo njia ya uwanja wa ndege."

"Uwanja wa ndege wa nini?"

"Wa kwenda nje."

Akageuka kutoka kiti cha mbele. Akaliangalia koti. Akaiangalia sweta. Akaliangalia sanduku langu nililolipakata mapajani. Nikamwona kabisa anaelewa, pole pole, na uso unamlegea.

"Yona. Safari ya nje maana yake nje ya darasa. Ulitaka utafiti tuufanyie ndani?"

"Na Denmark?"

"Denmark si hao hapo nyuma yako? Wao ndio wako nje. Wewe uko kwenu."

Nimebaki na hasira mpaka sasa hivi ninavyoandika. Kwa nini mtu asiandike "vijijini"? Neno lipo, ni la Kiswahili, halilipiwi ushuru. Kuna mtu alikaa ofisini na kalamu, akaliacha "vijijini" limekaa, akachukua "nje", akagonga na mhuri juu yake. Nikamwambia Mwalimu hivyo hivyo. Akaniambia wengine wote waliosoma tangazo lile walielewa. Nikamuuliza basi kwa nini nimechaguliwa mimi, nikitegemea ataisifu insha niliyoombea nafasi.

"Insha tuliiona," akasema. "Lakini wewe tulikuchukua kwa sababu ni mtu wa Gulwe. Tunaanzia hapo leo."

Tulipofika Kongwa nikasema tumbo linaniuma, nishushwe. Akasema nitatafsirije nikiwa Kongwa. Mpwapwa nikasema sasa linaniuma kweli. (Lilikuwa linaniuma kweli.) Akasema yeye ana mazungumzo na mkuu wa stesheni, wageni hawajui Kiswahili, mtu wa kutafsiri ni mimi peke yangu, na kazi hii ina alama.

Saa nne na ushee tukaingia Gulwe.

Nilimwona mama kabla hajaniona. Alikuwa amesimama pale uchochoroni pa stesheni wanapokaa wauzaji, beseni liko chini, mkono ameuinua juu, anaonyesha angani. Na nilimsikia, maana dirisha lilikuwa wazi. Alikuwa anamwambia Mama Elia, "Saa hizi wameshaiacha Misri."

Nikataka kubaki garini. Mwalimu mwenyewe akafungua mlango wa upande wangu. Nikashuka. Nilikuwa na koti, manyoya, sanduku (sijui kwa nini nilishuka na sanduku), na jua la Gulwe la saa nne. Wakina mama wote wakageuka. Kuku mmoja tu ndiye aliyeendelea na shughuli zake.

Mama Elia ndiye aliyefungua mdomo. "Mama Yona," akasema taratibu, "huyu wa Ulaya mbona amewahi?"

Wakaangua kicheko. Wauza mayai, wauza ubuyu, mpaka yule bibi wa ndizi ambaye hasikii vizuri, alielezwa kwa ishara akacheka mara mbili. Mama hakucheka. Mkono wake ulikuwa bado uko juu. Akaushusha, akaufutia kwenye kanga.

Nikasogea. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mgeni," akasema. "Karibuni wageni."

"Mama, ni mimi."

"Nimesema karibuni. Kaeni kwenye mabenchi."

Karen akatoa dodoso, yale makaratasi ya maswali, akachagua kuanza na mama yangu kwa sababu, aliniambia, ana uso wa mfanyabiashara. Sikumwambia kwamba ni mama yangu. Ningeanzia wapi? Mimi nikauliza kwa Kiswahili, mama akajibu, mimi nikatafsiri, Karen akaandika, na mimi nikaandika nakala ya chuo. Jina. Anauza nini. Tangu lini. Wanawake wote wamesogea wametuzunguka, Mama Elia mbele kabisa na yai mkononi halimenyi.

"Biashara hii imekusaidia nini maishani?"

"Nimemsomesha mwanangu," mama akajibu.

Karen akafurahi, akasema niulize huyo mtoto yuko wapi sasa. Nikamwambia swali hilo halimo kwenye karatasi. Akasema ni muhimu sana kwa upande wa utamaduni. Nikaangalia chini.

"Mama, anauliza... mtoto yuko wapi."

Mama akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Yuko Ulaya."

"Mama."

"Andika."

"Mama, watu wote wananiona hapa."

"Kijana, umetumwa kuandika au umetumwa kubishana? Mimi nilisimama kanisani nikamtangaza. Sisimami tena kumtengua. Andika, yuko Ulaya."

Kicheko kilichopigwa pale naamini kilisikika mpaka Mpwapwa. Mama Elia aliliacha yai likaanguka. Na mimi, jasho linanitiririka toka kwenye manyoya mpaka kwenye soksi, nikaandika: mtoto, mmoja, yuko Ulaya. Kwa mkono wangu. Kisha ikabidi nimtafsirie Karen.

"Anasema mwanawe anasoma Ulaya."

"Kweli? Nchi gani?"

Nikamuuliza mama nchi gani. Hakusita hata kidogo. "Denmark."

Wale wanne wakapiga makofi. Wakataka anwani yake ili wakirudi kwao wamtafute, wamfanyie karamu. Mmoja akampiga mama picha aipeleke kwa mwanawe. Mama akakaza kanga, akanyoosha mgongo, akapigwa picha. Nikagundua kitu kimoja pale: wakina mama walikuwa wananicheka mimi. Mama hawakumcheka. Mama Elia mwenyewe aliokota yai lake, akalipuliza vumbi, akasema pole pole, "Mama Yona, wewe ni mwamba," na mama hakumjibu, kama kawaida yake.

Wakati wa kuondoka akafunga karanga kwenye vipande vya gazeti, akawapa wageni kila mmoja pakiti yake. Mimi akanipa mbili. Nikajua amelainika. Nikainama nimwombe radhi, angalau sikioni.

"Moja yako, mgeni," akasema. "Hii nyingine ni ya mwanangu, ukikutana naye. Mwambie mama yake hajambo. Mwambie namsubiri sana. Lakini asirudi hapa kabla hajafika."

Akajitwika beseni. Treni ilikuwa haipo wala haikaribii, alijitwika tu.

Nimerudi Dodoma jioni hii. Nimeshaambiwa kesho utafiti unahamia Chang'ombe, kwenye maduka ya mtaani kwangu, kwa watu wale wale niliowaaga. Hilo nitalimeza. Karanga za kwanza nimekula njiani. Zile nyingine ziko hapa pembeni ya kompyuta na sijazifungua, kwa sababu si zangu.

Kwa hiyo kucheka mnaweza kucheka, sitawazuia, ila mkimaliza nisaidieni: mwenye kusikia nafasi yoyote ya masomo, hata ya wiki moja, hata ya kuosha vyombo, ilimradi inaanzia kwenye ndege, aniambie haraka. Krismasi nataka kuwa Gulwe, na njia iliyobaki ni ya kupitia Denmark.