Keria Nusu ya Lusajo wa Ikinga

Sogeeni, nyote mkaao upande huu wa mpaka, nanyi wa ng'ambo mtege masikio. Mwenye redio aizime, anayekaanga mihogo apunguze moto, maana habari inayokuja si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Wengine na waimbwe kwa kuteka miji na kubomoa ngome. Hapa ataimbwa Lusajo wa Ikinga, mwana wa Gwamaka, mpole wa sauti, apimaye mara mbili kabla ya kukata na mara moja zaidi baada ya kukata, ambaye aliondoka nyumbani peke yake kwenda Tunduma kuchagua keria ya kubebea mizigo juu ya paa la gari lake, naye akaichagua.

Gari lenyewe lilikuwa Landkruza ya zamani, yenye rangi ya udongo hata ilipokuwa imeoshwa, na bomba la kuvutia hewa lililopanda ubavuni mwa kioo kama mkonga wa tembo. Kwa sababu hiyo watu wote wa milima ya Ileje waliliita Mkonga. Mbele liliketisha dereva na mtu mmoja wa heshima. Nyuma lilikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana, na mlango wake wenyewe. Lilikwisha kupanda vilima ambavyo mbuzi huvipanda kwa kushauriana. Lakini juu lilikuwa kipara.

Na vita hivi vilianzaje? Vilianza kwa furaha, kama vita vingi vya nyumbani. Aida, binti wa mwisho wa Gwamaka, alikuwa ameposwa na kijana wa Galula, kule chini bondeni, na harusi ilikwisha kutangazwa kanisani, naye Aida alikuwa ametangulia Galula kabla ya masika. Mama yake Aida alifariki binti akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Aliyemlea, akamsuka nywele, akamfundisha kusonga ugali na kumgombeza mpaka akawa mtu, ni wifi yake Atuganile, mke wa Lusajo. Basi harusi ile bila mzee Gwamaka ingekosa baba, na bila Atuganile ingekosa mama.

Hapo ndipo palipokuwa na mwamba. Kwa desturi ya ukoo ule, mke wa mtoto na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Si ugomvi; ndiyo heshima yenyewe. Mzee akitokea njiani, Atuganile hujitosa kwenye migomba. Atuganile akitoka kuchota maji, mzee hukohoa mapema na kuigeukia milima kana kwamba imemwita. Tangu siku ya ndoa walikuwa wameishi boma moja wakipendana sana, na kila mmoja alimjua mwenzake kwa mgongo.

Sasa, mizigo ya harusi ilipopakiwa kwa majaribio, mikungu ya ndizi, magunia ya maharage, magodoro ya wageni, na masufuria ambayo mtu angeweza kuogea, ilijaa nyuma ya Mkonga toka sakafuni hadi darini, pasibaki nafasi hata ya kuku mwenye adabu. Na gari jingine la kushuka Galula wakati wa masika halikupatikana, maana njia ile ilikuwa imeshazishinda teksi na kuzitia aibu.

"Baba Priska," akasema Atuganile, akimwita mumewe kwa jina la binti yao, "nendeni tu. Mimi nitabaki nilinde kuku."

Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa. Ila alikuwa akisugua sufuria lililokwisha kusuguliwa.

Lusajo alilitazama lile sufuria kwa muda mrefu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuharakisha hukumu. Kisha akasimama, akanena kiapo chake mbele ya mafiga na paka: "Mama Priska, kuku watajilinda. Mizigo itapanda juu ya gari, nawe utakaa kwenye benchi kama mtu aliyemlea bibi harusi."

Kulipopambazuka Mkonga ukaunguruma, ukateremka kupita Isongole, ukaingia Tunduma katikati ya malori yanayongoja kuvuka mpaka, yamepanga foleni kama jeshi lililosahau adui ni nani. Lusajo akayapita bila woga, akapinda kuelekea Chapwa, kwenye uwanja wa Nesta, malkia wa vipuri, mwenye shangazi upande huu na wajomba upande wa Zambia, ambaye hakuna gari lililowahi kufa mpakani bila yeye kurithi mlango wake.

"Mwaiseni, mukwai!" akapaza sauti Nesta, akikaribisha kwa Kibemba kama alivyowakaribisha wote, kwa maana mteja ni mteja. "Karibu, simba wa milimani! Umekuja kununua au umekuja kushangaa?"

"Nimekuja kushangaa kwanza, dada yangu. Kununua kutafuata."

Ndipo keria zikatolewa mbele yake kama mashujaa wanaosaka vita. Ya kwanza ilikuwa ya aluminiamu, inang'aa kama sahani ya mwaka mpya. Lusajo akaiwekea goti, ikabonyea na kupiga mwayo. Akaiomba radhi, akapita. Ya pili, lo! Ya pili ilikuwa ndefu ya kulifunika paa lote toka kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma, mabomba yake manene kama mikono ya wabeba magunia, ina ngazi, ina mahali pa taa, ina kulabu za kufungia kamba zisizo na idadi.

"Hii," akatangaza Clement, fundi wa kuchomelea wa uwanjani pale, mwenye kinywa kisichozimwa hata kwa mvua, "hii ukiifunga, hata ukitaka kuhamisha kijiji, unahamisha na mwenyekiti wake."

Vijana wa bodaboda waliokuwa wakisubiri abiria wakashangilia. Lusajo akatoa kamba mfukoni, akaanza kupima: urefu, upana, urefu tena.

"Kaka, unapima gari au unapima jeneza?" akauliza Clement.

"Napima shughuli," akajibu Lusajo, akafunga fundo.

Kamba ikakubali. Keria ndefu ikainuliwa kwa kelele nyingi, ikashushwa juu ya paa, nati zikakazwa, na Mkonga ukasimama pale kama mfalme aliyevikwa taji. Ingekuwa shujaa mwingine, angelipa akaondoka huku akipigiwa makofi, na aibu ingemngoja nyumbani. Lakini Lusajo alikuwa na mazoea yake: kitu kisichokaliwa hakijajulikana. Akafungua mlango wa nyuma, akaketi kwenye benchi mahali atakapoketi mkewe, akiwazia mizigo yote imepanda juu, nyuma kweupe.

Clement naye, kwa uchovu wa ushindi, akajitupa kiti cha mbele, kiti cha mtu wa heshima. Akageuza shingo.

"Vipi bosi, huko nyuma kuna raha?"

Na wakaonana. Lusajo aliuona uso mzima wa Clement, pamoja na jino lake la pembeni. Akainamia kulia, akauona. Akainamia kushoto, akauona. Akatazama kioo kidogo cha dereva, na macho ya Clement yalikuwa yamemtangulia humo. Kumbe mizigo ile aliyoilaani nyumbani haikuwa mizigo tu. Ilikuwa ukuta, naye alikuwa amepanda milima na kushuka, ili aubomoe kwa mikono yake na kumketisha mkewe mbele ya macho ya baba mkwe, safari nzima hadi Galula.

Akatoka taratibu. "Ishusheni."

"Awe, hapana!" akalia Nesta. "Nati zote zimekazwa! Ina kosa gani?"

"Haina kosa. Inabeba mno."

Uwanja ukacheka hadi pikipiki moja ikaanguka. Lusajo akawangoja wamalize, kisha akaeleza kwa sauti yake ya chini habari ya Gwamaka na Atuganile.

"Si utundike pazia?" akasema Clement.

"Ndugu yangu, pazia ni nguo. Kwenye ule mteremko upepo hauulizi nani mkwe wa nani."

Nesta hakucheka tena. Alivuta khanga yake vizuri mabegani, kama aliyekumbuka mtu wa nyumbani kwake. "Basi unataka nini, mukwai?"

Lusajo akanyoosha kidole kwenye kona, mahali ilipolala keria ya tatu, ambayo hakuna aliyeitambulisha: keria nusu, ya kufunika sehemu ya mbele tu ya paa, imara lakini fupi, ambayo Nesta alikuwa akianikia dagaa.

"Hiyo?" Clement akashika kichwa. "Kaka, umemwacha simba umechukua paka! Mkonga utaonekana umevaa kofia ya kipaimara!"

"Na uvae," akanena Lusajo mwana wa Gwamaka, na inaaminika hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. "Magodoro na masufuria yatapanda juu, na mke wangu atapata benchi. Maharage na ndizi zitabaki ndani, zipangwe nyuma ya viti vya mbele mpaka darini, na baba yangu atapata ukuta. Keria ikibeba pungufu ya hapo, mmoja anabaki nyumbani. Ikibeba zaidi ya hapo, ni mmoja vilevile. Ninyi mnanipimia paa, mimi napima watu."

Dagaa wakahamishiwa kwenye keria ndefu, wakaienea vizuri.

Siku ya safari ikafika. Juu ya Mkonga, magodoro yalikaa kwenye kofia yao. Ndani, gunia juu ya gunia, mkungu juu ya mkungu, ukuta ulisimama ukiwa umefungwa kamba. Mzee Gwamaka akakohoa kutokea mbali. Atuganile akaingia kwa mlango wa nyuma. Mzee akaingia kwa mlango wa mbele. Na jua likaendelea na shughuli zake bila kuona jambo lolote la aibu.

Lakini hakuna ngome isiyojaribiwa. Katika mteremko wa kuingia bondeni, tope likateleza, Lusajo akakanyaga breki, na ukuta wote ukaugulia, ukainamia mbele. Gunia la juu likachungulia kiti cha heshima.

"Tata, linakuja!" akapiga kelele Lusajo kwa baba yake, asiweze kuachia usukani.

Gwamaka hakugeuka. Akarudisha mikono miwili nyuma ya kichwa chake, akalisukuma gunia huku macho yakiwa barabarani. Na upande wa pili mtu akashika kamba, akaivuta kwa nguvu za mwanamke aliyezoea kuinua masufuria ya harusi. Huyu akasukuma, yule akavuta. Na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ndoa ile, mkwe na mkwe wakafanya kazi moja kwa wakati mmoja, ili wasionane. Ukuta ukarudi. Ukasimama.

Kisha mzee akasafisha koo, akatazama mbele, akasema:

"Wewe gunia."

Lusajo akapunguza mwendo.

"Wewe gunia la maharage, mwambie huyo aliye nyuma yako kwamba Aida amelelewa vizuri. Mama yake mwenyewe asingeongeza kitu. Mwambie nimekuwa nikitaka kulisema, ila sikuwa na wa kumtuma."

Kutoka nyuma ya magunia sauti ndogo, yenye maji ndani yake, ikajibu: "Gunia limesikia, baba. Gunia linashukuru sana."

Wakafika Galula huku vigelegele vikiwapokea, baba akashukia mbele, mama akashukia nyuma, na bibi harusi akakimbia kwanza kule nyuma.

Basi na ijulikane kutoka Ikinga hadi Chapwa, na wavuka mpaka waipeleke mbali zaidi: wapo waliofunga taji za dhahabu na wapo waliofunga falme. Lusajo alifunga keria, na keria ile ilikuwa ndogo kadiri ilivyopasa.