Mchicha wa Kuchomeka

Jumatatu, 3 Juni
Kikundi chetu cha lishe kinatafuta nyumba ya mfano. Kila Jumamosi wanakikundi watapikia hapo, na kinachobaki ni cha wenyeji. Kinachobaki! Tangu ghala linipunguzie zamu za ulinzi, kwetu tunakula mara moja kwa siku. Watoto tunawalaza mapema wasisikie njaa. Lazima nyumba iwe yangu. Sharti ni bustani, nami sina hata jani. Mpinzani wangu ni jirani, fundi cherehani, mwenye mchicha hadi dirishani. Ana maringo huyo!

Jumanne, 4 Juni
Mwezeshaji wa kikundi anakagua kesho saa tatu. Nimejaza udongo magunia matatu. Akili ni mali.

Jumatano, 5 Juni
Alfajiri, sokoni. Nimerudi na mafungu manne ya mchicha, nikauchomeka shina moja moja. Bustani hiyo! Mke wangu kauliza kama nina homa. Nikamwambia atulie, aone mume.

Saa tatu, kimya. Saa sita, jua la kupasua kichwa. Saa saba kaja mwezeshaji na kikundi kizima. Mchicha hoi, umelala chali. Nikaeleza kwamba ni aina inayopumzika mchana. Mwezeshaji akavuta shina. Mizizi hakuna, ila uzi alioufungia fungu muuza mboga bado umenasa. Fundi alicheka hadi akakaa chini.

Ndipo mke wangu akawaambia: wiki ya tatu hii hatujapika cha jioni. Kicheko kikakatika. Aibu niliyoiona, Mungu ndiye ajuaye.

Jumamosi, 8 Juni
Wametuchagua! Mwezeshaji kasema kikundi ni cha watu kama sisi, ila nifunge mdomo nijifunze. Kila mtu kaja na kikombe cha unga. Fundi kaleta miche, akamwonyesha kila mmoja kwamba ina mizizi. Nimeimeza kejeli hiyo. Tumepanga mlo wa wiki nzima. Jioni watoto wakaomba kuongezwa, na cha kuongeza kilikuwepo. Kwa furaha nimeosha sufuria mwenyewe.

Jumatano, 12 Juni
Kikaoni tuliambiwa kila mtu ataje alichojifunza. Nilisimama nikasema: nimejifunza kusema kweli. Makofi! Mke wangu akafuta machozi. Siku njema sana.

Wiki ijayo wanakagua ufugaji. Nimeshaongea na mama muuza mayai, ataniazima kuku sita kwa saa mbili. Kuku hawanyauki.