Mfalme Zeruhadi na Shemasi wa Mwingi

Redio ya Salama ndiyo ilichokoza. Mtangazaji alikuwa anasoma habari zake, ukame huku, bei ya ndengu kule, halafu akacheka peke yake akasema kuna watu wamezunguka mitaani wakiuliza Wakenya ni muvi gani wanaona aibu kuwa waliwahi kuitazama. Wengi walijibu, lakini wakakataa kutaja majina. Mimi nilikuwa kwa cherehani yangu kando ya benchi, nashona suruali ya mtu asiye na subira. Msinione nimeinama mkadhani sisikii. Pale kwa kahawa ya Salama, hapa Mwingi, neno halipiti bila mimi kulidaka.

"Aibu ya muvi?" akauliza Mikail mwenye buchari, ambaye sisi humwita Simba. "Mtu ataonaje aibu kwa kitu ametazama tu? Aibu ni kuiba mbuzi."

"Wewe Simba usijitie!" Kyule akamrukia. Kyule ndiye hutuwekea muvi kwa flashi, kibandani kwake nyuma ya steji, na jina lake la kijiweni ni Subufa kwa sababu hajui kuongea polepole. "Nani alikuja kwangu macho mekundu akasema ameingiwa na moshi?"

"Ulikuwa moshi!"

"Moshi wa muvi ya mbwa!"

Benchi likalipuka. Simba akaangalia juu, akaangalia chini, akaona hakuna pa kutorokea.

"Sawa. Nililia. Lakini sikilizeni kwanza. Huyo mbwa alikuwa mzee, kipofu, na bado analinda duka la mtu aliyehama bila kumwambia."

"Toba!" Salama akashika kiuno. Babu yake ndiye aliyetoka Mombasa kufuata biashara ya mifugo, na ingawa yeye mwenyewe amezaliwa hapa hapa, Kiswahili chake hakijawahi kuhama pwani. "Mwanamume mzima, asubuhi umechinja ng'ombe bila kupepesa jicho, jioni unamlilia mbwa?"

"Ng'ombe hakuwa amewekewa muziki!"

Salama akacheka hadi birika ikatikisika mkononi. "Mficha uchi hazai. Haya, Subufa, umemvua mwenzako nguo, nawe vua zako."

Subufa akasafisha koo. "Yangu ilikuwa ukweni. Nilibeba tivi mpaka Kathonzweni niwafurahishe. Mama mkwe ameketi mbele kabisa. Na mnajua nthoni yetu sisi Wakamba. Mama mkwe simpi mkono, jina lake silitaji, tukikutana njiani mmoja wetu anaingia kichakani."

"Tunajua. Endelea."

"Nikaweka muvi, juu imeandikwa ni ya familia. Kidogo hivi, jamaa na yule dada wakaanza kukaribiana. Nikasema labda wananong'onezana. Wakakaribiana tena."

"Si ungezima?"

"Rimoti iko kwa mama mkwe! Nitaitoaje mkononi mwake?"

"Yiiu!"

"Nikavua koti nifunike tivi. Koti fupi! Nikasimama mbele yake, nikafunga macho nikaanza kuomba. Nikaombea mvua, nikaombea mifugo, nikaombea serikali. Nikichungulia, wale watu bado wako kazini!"

"Na mama mkwe?"

"Alisema amina. Halafu akaniambia nisogee kidogo."

Nilicheka mpaka nikaushona mguu wa suruali ukafungana. Simba alikuwa ameshika nguzo ya kibanda. Mtu mmoja tu ndiye hakucheka, naye ni Shemasi Nthiwa, muuza mbegu. Jumapili ilikuwa awekwe wakfu kuwa mzee wa kanisa, na Askofu mwenyewe aje. Suti yake niliishona mimi. Alikuja kuipima mara nyingi hata nikamwambia hajanenepa tangu jana. Sijaona mtu anayekitaka kitu vile Nthiwa alivyoutaka ule uzee.

"Muvi ni za watu wa dunia," akasema, akipuliza kahawa yake. "Mimi nina moja peke yake, na ni ya Biblia. Subufa mwenyewe ndiye aliniwekea."

Subufa akaacha kucheka. "Biblia? Mimi?"

"Ile ya Mfalme Zeruhadi. Si alifunika kisima watu wakose maji, mpaka ngamia wa mjane akaanguka akafa mlangoni kwake, na mfalme akatubu?"

"Shemasi, hiyo ni ya Waturuki."

"Wana ndevu!"

"Waturuki wana ndevu."

"Wana kanzu! Wana ngamia!"

"Hata Garissa kuna ngamia, Shemasi. Panda basi hapo uone. Hiyo si Agano la Kale!"

"Na mbona wanaongea Kikamba?"

"Huyo ni dijei! Anaketi Machakos na maikrofoni, anatafsiri jinsi roho yake inamtuma. Kituruki hajui hata salamu! Jina Zeruhadi alilitoa kichwani!"

Nthiwa akaweka kikombe chini. Alikosea benchi, kahawa ikamwagikia kiatu, naye hata hakuona.

"Nimeihubiri," akasema.

"Umehubiri nini?"

"Zeruhadi. Siku ya Pasaka. Kina mama walilia wakaamua kuchimba kisima. Mama Kathini mjukuu wake ameombewa mbele ya kanisa kwa hilo jina."

"Mtoto anaitwa Zeruhadi?" Simba akauliza.

"Zeruhadi Mutiso."

Hapo Subufa alienda kucheka nyuma ya kibanda, kwa heshima.

"Na hakuna aliyekuuliza mstari?" Salama akasema.

"Nilisema, 'kama mnavyojua, wapendwa.' Wote wakatikisa kichwa. Hata Pasta alitikisa." Machozi yakamlengalenga. "Nimekwisha mimi. Jumapili nitavaa suti nikafukuzwe ndani yake."

Nilimhurumia, kusema kweli. Lakini kijiwe ni kijiwe, kila mtu akaleta dawa yake.

"Sema uliota," Simba akamshauri.

"Sema iko kwa ile Biblia kubwa ya askofu," Subufa akaitikia kutoka nyuma.

"Mwongo akisema uongo mmoja huomba wa pili wa kumshika mkono," Salama akasema. "Sema kweli, baba."

Kabla hajachagua, pikipiki ikasimama. Pasta Muli. Hakushuka, hakuvua helmeti, hakusalimia. Tukajua ni mambo.

"Shemasi, nimekutafuta dukani. Askofu amenipigia."

Nthiwa akasimama.

"Mahubiri yako ya Zeruhadi niliyapenda, nikampa. Jumapili iliyopita akayahubiri kule Kalamba. Alipofika pale ngamia anakufa, susu mmoja, bibi kizee wa huko, akasimama katikati ya kanisa na fimbo yake. Akasema, 'Askofu, wacha kutupotosha. Sehemu ya pili ngamia aliamka.' Na kanisa lote, Shemasi, kanisa lote likasema amina! Sasa Askofu anauliza hiyo habari iko kitabu gani. Na anataka jibu kabla akuwekee mikono."

Hata redio Salama aliizima. Nthiwa alivua kofia, akaishika kifuani kwa mikono yote miwili.

"Ni muvi, Pasta. Nilidhani ni Biblia, haki ya Mungu nilidhani. Sikutaka kudanganya mtu. Kama uzee unanitoka, mpeni mwingine, lakini sitasimama mbele ya watu na uongo."

Nilitaka kumpigia makofi. Pasta akafumba macho kama mtu aliyeumwa na jino.

"Muvi! Shemasi wangu, muvi! Mimi hayo mambo siyajui. Tivi ya nyumbani kwangu ni ya habari na nyimbo za injili, basi. Nitamwambia Askofu nini? Kwamba tumelia kwa sababu ya upuuzi wa dunia? Na huyo susu wa Kalamba naye, ati ngamia aliamka! Ataamkaje na hakuwa amekufa? Alizirai tu! Ni yule waziri mwenye jicho moja alimtilia dawa kwa maji usiku, na mjane alipomshika mkono..."

Mkono ukaruka kujiziba mdomo, ukagonga helmeti. Lori la kwenda Garissa likapita na vumbi lake, nasi sote tumemkodolea macho Pasta.

Kicheko kilianzia kwa Nthiwa. Kilianza tumboni, kikamtikisa mwili mzima, akalazimika kuketi. Simba akalala juu ya benchi. Mimi sindano ilinichoma kidole nikaendelea kucheka.

"Pasta," Nthiwa akasema alipopata pumzi, "na Jumapili?"

"Jumapili utawekwa wakfu," Pasta akajibu kwa sauti ndogo. "Askofu nitamwambia mimi mwenyewe, yote, hata yangu."

Salama alishamimina kikombe. "Karibu, Mchungaji. Sisi wengine hatujaiona."

Pasta Muli akatazama barabara huku na huku. Akashuka, akavua helmeti, akamsogeza Shemasi apate nafasi.

"Sasa, kwanza kabisa," akasema, "yule mjane hakuwa mjane."