Malalamiko ya Muuza Nyama Kuhusu Chura Aliyepasuliwa Darasani

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na viungo vyako vyote, maana siku hizi nyumbani kwangu mtu hajuliwi hali kwa jumla, anaulizwa kiungo kimoja kimoja. Mimi ni baba wa yule binti wa kidato cha tatu aliyempasua chura katika maabara yenu, tena nasikia kwa ustadi. Kazi yangu ni kuuza nyama. Naomba kwa heshima zote mkomeshe upasuaji huo na mnihamishie mwanangu darasa la uhasibu, kwa sababu zifuatazo.

1. Amechukua pini zote za mama yake, ambaye ni fundi cherehani. Jumapili tulikuwa na wageni. Kuku wa kuwapikia tulimkuta amelala chali kwenye ubao wa kupigia pasi, amebanwa pini kila upande, na kila kiungo kina kikaratasi chake. Shemeji yangu, ambaye firigisi huwa haimpiti, alisoma cha firigisi: "Hapa ndipo kuku husagia chakula kwa mchanga." Akaomba chai.

2. Baada ya masomo hunisaidia dukani, au ndivyo nilivyokuwa nikidhani. Mteja akitaka nusu kilo ya maini, kwanza anaonyeshwa nyongo ilikuwa imekaa wapi. Wiki iliyopita aliyajaza upepo mapafu ya mbuzi kwa pampu ya baiskeli. Yakapanda, yakashuka, foleni nzima ikapiga makofi. Siku hiyo niliuza mifupa tu.

3. Mimi mwenyewe siko salama. Nikijilaza kwenye kochi, ananitegea sikio kifuani. Juzi alinitazama weee, kisha akamwambia mama yake kwa upole, "Baba ndani lazima ana mafuta mengi." Tangu hapo nalala nimefunga vifungo vyote hadi shingoni.

4. Hili ndilo linaloniuma. Bucha hii niliachiwa na baba yangu, nami nilikuwa nikimtunzia binti huyu. Sasa anasema atakuwa daktari wa upasuaji. Yaani akate nyama, halafu airudishe mahali pake na kuishona. Biashara gani hiyo? Kusema kweli, naogopa kubaki peke yangu nyuma ya kaunta.

Kama ni lazima watoto wapasue kitu, wapasue redio mbovu. Chura achorwe ubaoni, inatosha.

Nisalimie walimu wote, karani, mlinzi wa geti, na vyura waliosalia.

Ni mimi mzazi mwenzako, mwenye kukuheshimu,
Baba Binti, Bucha ya Kona

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha binti alipokuja kuomba moyo wa ng'ombe kwa somo la Jumatatu, kwa kuwa darasa zima lina mmoja, tena wa plastiki. Nikaona aibu, mtoto wa muuza nyama kusomea plastiki. Tukaufungua mmoja pale pale kaunta. Nimeuza mioyo tangu ujana wangu na sikuwahi kujua ndani kuna vyumba na milango. Upande mmoja ni mnene kuliko mwingine. Tumebishana kwa nini, mpaka wateja nao wakaingilia. Habari za uhasibu zisahau, mwache hapo hapo alipo. Jumatatu bucha imefungwa. Nitaileta mioyo mwenyewe, kila mtoto na wake, na naomba uniwekee kiti cha mbele. Kisu nitakuja nacho.