Redio Iliyopona kwa Matunzo Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Jumapili hii Baba Mkwe anatoa gari!

Katangaza mwenyewe kwa simu. Amepasuliwa macho yote mawili, yamefungwa bandeji, na daktari amemkataza kuendesha hata yakifunguliwa. Kwa hiyo gari linatafuta mwenyewe mpya. Na si gari la hivi hivi. Ni lile la bluu, taa za duara, usukani mwembamba, dashibodi ya chuma na redio ya vitufe viwili vya kuzungusha. Limetoka kiwandani mimi sijazaliwa. Liko kwangu tangu Mzee alipolazwa, kwa sharti moja: nisibadilishe kitu.

Washindani tuko wawili. Mimi, na mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu. Anauza bima na ana kimbelembele. Leo kapita, eti kutusalimia. Kalizunguka gari zima, kisha akaniuliza kama redio bado inakoroma. Inakoroma. Inashika stesheni moja, na hiyo moja nayo inasikika kama watu wanaokaanga vitunguu.

Hapo ndipo akili ilipofunguka. Nitaiponya redio! Kwa nje itabaki ileile, ndani itakuwa mpya. Jumapili Mzee atakaa kiti cha mbele, nitamwekea nyimbo za ujana wake, atatokwa na machozi (chini ya bandeji, lakini machozi ni machozi), nami nitasema kwa unyenyekevu kwamba redio imepona yenyewe, kwa matunzo. Ufunguo wangu. Mwanyumba atajiuma vidole.

Mke kauliza nacheka nini. Nimesema hakuna.

Jumanne, 4 Juni

Nimeomba ruhusa kazini, nikasingizia jino. Gari kwa fundi redio. Alipoiona redio ya Mzee alivua kofia. Akaniuliza kama nina uhakika. Watu wanaoniuliza kama nina uhakika siku zote wana wivu.

Matumbo ya redio nje. Ndani kaweka mashine ndogo inayoshika muziki wa simu bila waya. Uso, vitufe na mshale vimebaki vilevile. Spika mbili ndani ya milango, nyuma ya ngozi yake ya zamani, na moja ya besi chini ya kiti cha nyuma. Umeme kauvuta moja kwa moja kutoka kwenye betri, ili muziki upige hata ufunguo ukitolewa. Hilo nililitaka mimi. Fikra zangu mwenyewe!

Tukajaribu. Aibu. Besi ikipiga, milango inatetemeka. Fundi akaijaza sponji. Tukaingia barabarani: bomba la moshi limetoboka, linanguruma, wimbo hausikiki. Akaliziba. Bawaba zinalia. Akazipaka grisi. Kufika jioni gari lilikuwa linateleza kimya kimya. Raha tupu.

Malipo: feni letu la sebuleni. Nimemwambia mke limekwenda kutengenezwa. Kauliza lilikuwa na ubaya gani. Nimesema lilikuwa linazunguka upande usiofaa.

Jumatano, 5 Juni

Mwanyumba karudi. Kasingizia kuazima jeki. Kachungulia, kagusa dashibodi, kalala hadi chini ya gari na suruali yake ya kazini. Hakuona kitu! Nilimletea maji ya kunywa kwa heshima zote.

Jioni mke akaenda na gari nyumbani kwa baba yake kumpelekea nguo safi, kama afanyavyo kila Jumatano na Jumapili. Karudi kanyong'onyea. Anasema alimkuta kajifunika shuka, hajala, na alipogonga mlango Mzee aliuliza ni nani. Halafu akauliza amekuja na nini. Na gari, akajibu mke. Mzee akajivutia shuka tena.

Mke anadhani ni ugonjwa. Mimi ninajua. Kashtuka! Mtu anakaa gizani na bandeji, masikio yanakuwa makali. Kelele za gari lake amezikosa. Nimehangaika kulinda sura ya gari kwa ajili ya macho ya Mwanyumba, na mwenye gari anakagua kwa masikio!

Lazima nirudi kwa fundi.

Ijumaa, 7 Juni

Fundi amekataa kulitoboa bomba upya. Anasema amelichomelea vizuri na ana jina la kulinda. Sponji nazo kazigandisha kwa gundi.

Sawa. Kama gari halina kelele, nitaliwekea kelele. Spika tatu mpya ninazo, za nini?

Jirani yetu dereva wa teksi ana gari ambalo mtaa mzima hulisikia kabla ya kuliona. Nimemwomba akanyage mafuta nirekodi kwa simu. Kauliza ya nini. Nimesema kumbukumbu. Kakanyaga mpaka mama wa duka akafunga dirisha. Nimerekodi na mlango wake pia, unalia vizuri mno. Jirani aliongea ongea huko mwishoni, lakini mimi ninautaka mwanzo tu.

Kilichobaki ni wepesi wa kidole. Nikifika kona ya kwa Mzee, nabonyeza. Nikiegesha, nazima. Mtoto mdogo anaweza.

Jumapili, 9 Juni

Niandike tu yaishe.

Familia nzima barazani. Mzee kakaa kitini, bandeji machoni, Mwanyumba kasimama nyuma yake anampepea. Nikakata kona, nikabonyeza. Ngurumo! Mke aliyekaa pembeni yangu akaruka. Akauliza gari limepata nini. Nikamwambia baadaye.

Na Mzee? Kainuka peke yake. Uso wote ulimfunguka, akanyoosha mikono mbele, akawaambia watu hilo ndilo gari lake, wanawe hao wanakuja. Mwanyumba akaacha kupepea. Ushindi wa namna hiyo sikuwahi kuupata hata shuleni.

Nikaegesha. Nikazima injini, nikachomoa ufunguo, nikakimbia kuuweka kiganjani mwa Mzee, ili wakati wa kuutoa anikute hapo hapo mbele yake.

Gari likaendelea kunguruma.

Ufunguo anao Mzee. Anaupapasa. Gari linanguruma. Simu! Nikarudi mbio, kumbe imeteleza chini ya kiti. Nikiwa nimepiga magoti, kichwa ndani na miguu nje, mlango wa teksi ukalia mara mbili bila mtu kugusa mlango wowote. Kisha spika zote tatu zikatoa sauti ya jirani:

"Bwana, nizime sasa? Unanimalizia mafuta."

Sauti safi kabisa. Yule fundi anajua kazi yake.

Mwanyumba alicheka mpaka akakaa chini. Mzee hakucheka. Aliniita, nikaeleza yote: spika, sponji, bomba, redio iliyopona. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Muziki sina neno nao, baba," akasema. "Lakini mimi humu ndani ya bandeji sijui mchana wala usiku. Lile gari nilikuwa nalisikia tangu kule kona. Najua wanangu wanakuja, naamka, navaa shati. Jumatano sikulisikia. Nikajilalia, nikasema leo wamenisahau."

Roho iliniuma. Naandika wazi: iliniuma, na sikujua niuweke wapi uso wangu.

Mke alikuwa analia. Mzee akampapasa mpaka akaupata mkono wake, akamwekea ufunguo. Gari ni lake, kasema, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akija. Mwanyumba kicheko kikamkatika papo hapo. Hiyo ndiyo faraja yangu ya leo.

Jumanne, 11 Juni

Mke kalipeleka gari kwa fundi mwenyewe. Bomba limetobolewa (yeye hakumkatalia!), sponji zimebanduliwa, bawaba zinalia. Spika kaziacha, anazipenda. Feni karudi nalo. Sikuuliza. Mimi nakaa kiti cha abiria na siruhusiwi kugusa kitufe.

Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona na silirudii tena. Mzee anakagua kwa masikio. Kwa hiyo chochote chenye sauti hakiguswi, hata skrubu moja. Cha kushughulikia ni kisicho na sauti. Rangi! Ile bluu imechakaa. Nyekundu nzito ingempendeza mke, angenisamehe, angenirudishia usukani. Na rangi haipigi kelele. Mzee atajuaje?

Nimeshaongea na fundi rangi. Mke nimemwambia kesho jioni akirudi kwa baba yake, gari linakwenda kuoshwa. Fundi alitaka tuanze wiki ijayo, nikamkatalia. Nimemsisitizia liwe tayari Alhamisi, likauke vizuri, kwa sababu Ijumaa asubuhi tunampeleka Mzee hospitali kufunguliwa bandeji, na ninataka tufike tunang'aa.