Kofia ya Kuwaongoza Wasioona

Jumatatu, 9 Juni
Nimepata wazo! Limenijia lote kamili, hapa kwangu Madale, nikipiga mswaki, povu mdomoni. Chuo chetu kule Bunju kina wanafunzi kumi na wawili wasioona, na Mkuu wa chuo anatafuta mratibu wa vifaa vyao. Tusajigwe, seremala wa chuo, anaitaka nafasi hiyo. Naitaka mimi. Miaka sita natunza kompyuta nane, tano zikiwa mbovu, na watu hawajui hata jina langu. Wananiita Bwana Kompyuta. Imetosha.

Jumanne, 10 Juni
Kofia tayari. Ni helmeti ya bodaboda, na mbele nimefunga vile vidude vinavyolia tii-tii gari linaporudi nyuma. Nimevipata kwa fundi magari Tandale. Ukikaribia kitu, inalia. Nimeijaribu mwenyewe, macho nimefumba. Nimegonga mlango mara mbili, lakini kofia ilikuwa imelia kabla. Kosa ni langu, si la kofia.

Sesilia, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kutoka Masasi, amekubali kuivaa. Ijumaa ana mtihani wake wa mwisho ukumbini. Atatoka bwenini peke yake na kofia yangu, Mkuu akitazama. Amesema jambo moja tu, kwamba akiivaa hasikii vizuri. Nimemweleza kazi yake ni kusikia mlio, mengine aniachie mimi.

Na Tusajigwe je? Vizibo vya soda! Alivipigilia zamani kwenye miimo ya milango, kimoja maktaba, viwili ukumbini, wapapase wajue wamefika wapi. Ati wanafunzi ndio waliomwomba. Mtaalamu gani anaomba ushauri kwa wateja?

Jumatano, 11 Juni
Majaribio mabaya. Kofia inalia muda wote. Nimechunguza nikagundua kofia ni nzima, njia ndiyo mbovu. Kwanza bomba la pale bwenini linavuja tangu mwaka juzi, limelowesha waya zangu. Halafu kuna Marietha muuza chapati, kajibanza kwenye kona na jiko lake na mwavuli. Kofia ikimkaribia inapiga kelele hadi kuku wanakimbia.

Nimebadilisha mpira wa bomba. Kimya kabisa. Marietha nimemwamuru ahamie nyuma ya stoo. Akauliza nimekuwa nani siku hizi. Nikamwonyesha karatasi yenye muhuri. Ilikuwa ratiba ya maktaba, lakini muhuri ni muhuri. Amehama huku akinilaani.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeng'oa vizibo vyote kwa koleo. Vina kutu, mtu atapata pepopunda bure. Tusajigwe alinikuta nikiwa kwenye mwimo wa ukumbi. Hakufoka. Aliuliza tu kama Sesilia ameridhia. Nikamjibu kwamba mgonjwa hachagui sindano. Akasema Sesilia haumwi. Mtu wa majibu ya mkato, simpendi.

Jioni Sesilia alikuja kuuliza kama maji yamekatika, maana halisikii bomba. Nikamhakikishia kwamba nimelitengeneza. Akageuka, akarudi bwenini akipapasa ukuta. Nadhani alikimbilia kuwasimulia wenzake wema wangu.

Ijumaa, 13 Juni
Sina hamu ya kuandika.

Mtihani ulikuwa saa mbili. Anayechelewa nusu saa haingii. Mimi na Mkuu tulisimama mlangoni mwa ukumbi, nimevaa tai. Saa mbili ikapita. Saa mbili na robo nikamweleza Mkuu kwamba kifaa chochote kina kipindi cha mazoea. Saa mbili na nusu msimamizi akafunga mlango.

Tulimkuta kwenye lango la nyuma la chuo, kofia mkononi. Betri ilizimika hatua kumi tu kutoka bwenini. Huenda sikuichaji. Aliivua, akajaribu kwenda kama alivyozoea. Kumbe miaka yote hukata kushoto akisikia bomba, hukata kulia akinusa chapati, kisha hupapasa vizibo viwili na kuingia. Leo hakusikia wala kunusa kitu. Akaenda tu, akapapasa mwimo, hakukuta kizibo, akadhani ndio ukumbi nilioung'oa vizibo, akasukuma. Lango la nyuma likalia kwa kutu yake, naye akasimama papo hapo. Wasioona wote wanaujua mlio ule. Ng'ambo yake ni barabara ya malori ya kokoto. Yalikuwa yakipita tukiongea.

"Bwana Kompyuta, mie njia nilikuwa naijua," alisema. "Ungeniuliza tu."

Mtihani huo atausubiri hadi mwakani. Kwao Masasi walikwisha kushona sare za mahafali. Nimeumia, kweli nimeumia.

Jumamosi, 14 Juni
Nafasi kapewa Tusajigwe. Tangu asubuhi anagonga vizibo vyake, na kila nyundo ikilia naisikia kifuani. Marietha amerudi konani. Nilipotaka chapati alisema zimekwisha, na hotipoti imejaa hadi mfuniko haufungi.

Mkuu aliniagiza nilirudishe bomba kama lilivyokuwa. Nimelilegeza. Likaanza kudondoka, to, to, to. Sesilia alikuwa amekaa barazani, akageuza uso upande ule. Nilimwomba radhi. Aliniambia shikamoo, basi.

Jumapili, 15 Juni
Nimetoka kanisani, nimejichunguza. Nakiri nilikosea. Nilihangaika na kofia wakati tatizo lilikuwa kwingine kabisa.

Ni lile lango. Sesilia angeendelea kuutafuta ukumbi kama si mlio ule kumshtua hadi akaganda. Watu wasioona wana masikio mepesi, halafu tunawawekea lango linalolia vile! Miaka yote hakuna aliyeliona hilo. Hata Tusajigwe na vizibo vyake.

Nimenunua kopo la grisi. Kesho alfajiri, kabla hawajaamka, nitazipaka bawaba zote mpaka lango lifunguke kimya. Tenda wema nenda zako. Sitamwuliza mtu, nataka wakute tu limekwisha kufanyika.