Sheria Kwanza, Otilia Baadaye

Jumapili, 5 Oktoba 1997

Mhubiri mgeni kutoka mji wa Oradea kamaliza semina yake leo. Somo: usimpe mtu dawa kabla hajajua kuwa anaumwa. Sheria kwanza, neema baadaye. Unamuuliza mtu kwa upole, umewahi kusema uongo? Akikiri, unamuuliza, basi msema uongo anaitwaje? Anajitaja mwenyewe. Unakwenda hivyo amri kwa amri mpaka akose pa kujificha, ndipo unamwambia habari njema. Kanisa zima lilisikia injili. Mimi nilisikia nyimbo za harusi.

Maana Otilia, fundi cherehani wa mtaa wa stesheni, si wa kwetu. Ni Mwothodoksi, tena wa Pasaka na misiba tu. Na mchungaji wetu hana mchezo: Mbaptisti hafungi ndoa na mtu wa nje. Huu ni msimu wa pili wa baridi unaobisha hodi nikimpenda mtu nisiyeweza kumposa. Nina miaka arobaini na saba. Naimba sauti ya tatu, nakula kwa shangazi. Natamani kusikia cherehani ikilia nyumbani kwangu jioni. Basi, hilo tu.

Otilia akiokoka, mbingu itafurahi. Mimi nitafurahi kidogo zaidi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mazoezi ya maswali kwa Shangazi Saveta, akiwa anapanga kabichi za chumvi kwenye pipa. Nikamuuliza kama amewahi kusema uongo. Akasema ndiyo, jana tu, alipowaambia majirani kuwa naimba vizuri. Nikamuuliza mtu wa namna hiyo anaitwaje. Akasema anaitwa mwenye adabu, na kama sina kazi nimletee jiwe la kukandamizia kabichi.

Shangazi ni udongo mgumu. Haidhuru.

Baada ya mazoezi ya kwaya Ndugu Sabin akaniuliza nitaanza kumshuhudia nani. Huyu Sabin ni mgane, anafuga nyuki na kupiga mandolini, na husema maneno machache kama anayanunua. Nikamwambia Bwana atanionyesha. Akasema yeye humpelekea Otilia asali mara mojamoja. Asali! Hana mbinu, hana amri hata moja. Nikamwonea huruma.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekata tena kifungo cha koti kwa mkasi, nikaenda kwa Otilia. Nikaanza palepale mlangoni: je, umewahi kusema uongo? Akatazama koti, akaniuliza kama kifungo kimedondoka chenyewe. Nikasema ndiyo, chenyewe. Semina haikutaja hali hii. Nikaiacha amri ya tisa, ya uongo, nikarukia ya nane, ya wizi.

Akasema aliwahi kuiba plamu za shamba la ushirika, miaka ile ya Ukomunisti. Nikamwambia, basi wewe ni mwizi. Akacheka sana, akasema kama ni hivyo wilaya nzima ingefungwa, na mwenyekiti wa ushirika angekuwa wa kwanza.

Nilitaka kuendelea. Lakini akasema nisivue koti, atashona hapohapo kifuani, na akanitia uzi kati ya meno. Ni desturi yao: ukishonewa nguo mwilini bila kuuma uzi, unashonewa na akili. Ni ushirikina mtupu, na ilinipasa kuukemea. Lakini mtu aliyeuma uzi hasemi. Nikasimama kimya, amri zote kumi zimenikwama kooni, na utosi wake chini ya kidevu changu ukinukia sabuni na pasi ya moto. Niliomba kifungo kile kisiishe kushonwa.

Kikaisha. Nikarudi nyumbani sijamaliza sheria.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo nimekwenda na suruali, ili nisishonewe mwilini. Nikafululiza moja kwa moja: waheshimu baba yako na mama yako. Je, umewaheshimu?

Otilia akasimamisha cherehani. Kisha akasema hajazungumza na mama yake, aliyeko mji wa Beiuș, tangu walipogombana kwenye mazishi ya baba, na kwamba mama aliandika mara mbili na yeye hakujibu. Akaanza kulia. Si kilio cha kuigiza. Kilio cha mtu aliyegundua kitu.

Sheria imefanya kazi! Hapo ndipo neema inapoingia, na mimi nilikuwa nayo yote kichwani. Lakini nilimtazama jinsi anavyojifuta machozi kwa kipande cha bitana, nikatamani kumshika mkono, na maneno yakapotea kichwani kama ndege walioruka. Nikasema hali ya hewa imebadilika.

Mara akaingia Sabin na chupa ya asali. Akamwona, akavuta kigoda, akaketi. Kwa maneno yake yale machache akamwambia kuwa yeye naye hakuwahi kupatana na baba yake akiwa hai, na jinsi Kristo alivyombebea mzigo ule aliposhindwa kuubeba. Otilia akasikiliza kama mtu anayekunywa maji. Sabin hana hata cheti cha semina!

Nimelima mimi, amevuna yeye. Suruali nimeisahau kwake.

Jumapili, 12 Oktoba

Amekuja kanisani! Amejifunga kitambaa cha kijivu, akaketi upande wa kina mama, na aliimba beti zote. Mchungaji amesema atabatizwa majira ya kuchipua. Mbatizwa ni mtu wa ndani. Hesabu yangu imekwenda sawasawa.

Kwenye ngazi akanipa mkono na kuniita Ndugu Teofil. Ndugu! Mpaka juzi nilikuwa Bwana Teofil. Leo sitalala kwa furaha. Sabin yeye amemwita Sabin tu, kavu, bila Ndugu. Ni wazi bado hajampa heshima yake.

Jumatano, 15 Oktoba

Otilia anazunguka mtaa mzima kutubu uongo wake. Mwuza mkate ameambiwa kuwa mkate wake ni mchungu. Mke wa daktari ameambiwa kuwa vazi lake la zambarau halijawahi kumpendeza. Leo alikuja kwetu. Shangazi akamwekea chai na hakuondoka, maana hakosi tamasha.

Akasema, Ndugu Teofil, nimekukosea. Kila ulipokuja nilikuambia hunisumbui. Ulikuwa unanisumbua. Kifungo hicho kimoja nimekishona mara nne, nikajifanya sijui. Ningekuambia ukweli mapema usingepoteza muda wako. Nisamehe.

Alisema bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililouma. Nikamsamehe. Ningefanyaje, na mimi ndiye niliyemfundisha?

Kisha akauliza swali. Semina anaisikia kwa wengi, lakini mimi nilimwuliza kuhusu uongo, wizi na wazazi tu. Mbona ya kumi, ya kutamani, siigusi? Nikasema muda haukutosha. Shangazi akakohoa.

Otilia akanyanyuka. Akasema Jumatatu Sabin alimpeleka Beiuș, akapatana na mama yake, na mama amewabariki. Yeye na Sabin watafunga ndoa baada ya Pasaka, akishabatizwa. Akasema asingependa nisikie barabarani.

Alipotoka Shangazi aliniongezea supu bila kuniuliza. Hajawahi. Nimeketi dirishani na kutazama mtaa wa stesheni mpaka taa zikawaka. Nampenda. Sikumpenda kwa mbinu, mbinu ilikuja baadaye. Ningempenda hata akibaki mwizi wa plamu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimesoma amri ya kumi, neno kwa neno, kama inavyostahili. Usimtamani mke wa jirani yako, wala ng'ombe wake, wala punda wake.

Kwanza, Sabin anakaa ng'ambo ya mto. Kumwita jirani ni kutia chumvi. Pili, ng'ombe hana, punda hana, na nyuki hawakutajwa. Tatu, na hili ndilo kubwa: imeandikwa mke. Mchumba hayumo. Nimemsomea Shangazi mara mbili asikie. Akaniambia nikachote maji.

Kwa hiyo mpaka Pasaka Otilia si mke wa mtu, na sheria hainigusi hata kidogo. Nimeamua kutamani kwa bidii, maana muda ni mfupi.